Dobi Aliyemtia Perefe Kwenye Chupa

Dobi wa mtaa wetu aliwahi kulala rumande siku mbili kwa kusema mbele ya watu kwamba Perefe amekwisha nguvu, na kwamba kesho yake angemmwaga chooni. Hii ilikuwa Nyamirambo, Kigali, mwaka 1992, vyama vya siasa vimeshafunguliwa na kila aliyeketi baa alikuwa ama anasema jambo au anaweka kichwani yaliyosemwa na mwenzake. Dobi hakuwa na chama. Kwetu Perefe ni mkuu wa mkoa; huyu aliyemsema alikuwa chupa.

Nianze na namna nilivyomjua. Mimi ni fundi cherehani. Mwaka 1990, miezi michache kabla ya vita kuanza kule kaskazini, nilipanga chumba cha kushonea kilichogusana na cha kwake, ukuta mmoja wa matofali mabichi katikati. Ukuta ule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya, yeye ndiye aliyeniombea heri. Sikujua alizaliwa wapi wala watu wake ni nani. Hakusema, na katika miaka ile jirani mwenye busara hakumwuliza jirani yake maswali ya aina hiyo. Tulimwita Dobi tu. Wateja wake Wazungu walimwita Monsieur Dobi, wakidhani ni jina la ukoo, naye aliwaacha wadhani.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kufua na kupiga pasi, pasi ya mkaa yenye jogoo juu ya mfuniko. Kazi ya moyo wake ilikuwa kusafisha sarafu za zamani.

Alinisimulia mara nyingi jinsi ilivyoanza. Alikuwa amechemsha koti la mteja kwenye sufuria ya aluminiamu, maji ya moto na magadi, bila kukagua mifuko. Alipolitoa, chini ya sufuria kulikuwa na sarafu ya fedha inayong'aa kama imetengenezwa asubuhi ile. Mwenye koti aliapa kwamba sarafu yake ilikuwa nyeusi tii, ya babu yake, na hiyo si yake. Waligombana saa nzima, mmoja akikataa kupokea mali yake, mwingine akimlazimisha. "Siku hiyo," Dobi alisema, "nilielewa kwamba miaka yote nilikuwa nafua vitu laini bure."

Habari zilienea miongoni mwa watu wanaokusanya sarafu, ambao Kigali ya wakati ule walikuwa wachache na wote wakifahamiana na kuchukiana. Mhindi mmoja wa duka la vitambaa, padri mmoja mzee, Wazungu kadhaa wa miradi. Walimletea heller za Mjerumani, faranga za Kongo zenye tembo, shilingi zenye simba. Naye aliwatengenezea dawa tatu, kila moja kwenye chupa yake, juu ya rafu iliyokuwa upande wa pili wa ukuta wangu.

Ya kwanza ilikuwa laini: maji ya moto, soda ya kuokea mikate, na vipande vya ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti za sigara. Aliiita Konseye, kama diwani wa mtaa. Ya pili ilikuwa maji ya betri aliyoyafuata kwa miguu hadi kwenye gereji za Gatsata, akayazimua sana. Hiyo ilikuwa Burugumesitiri, kama meya wa wilaya. Ya tatu ilikuwa dawa maalumu ya fedha ambayo padri alimletea kutoka Ubelgiji, chupa moja tu, yenye harufu ya yai viza. Hiyo ndiyo Perefe.

"Shida ndogo unaipeleka kwa Konseye," alinieleza siku ya kwanza, kwa uso mkavu kabisa. "Akishindwa, Burugumesitiri. Kwa Perefe huendi mpaka umekwama. Na ukienda, hukai."

Hukai, kwa sababu Perefe alitaka sekunde chache tu. Ukizidisha, anakula ngozi ya sarafu na kuiacha nyeupe isiyo na uhai, kama sahani ya hospitali. Dobi hakuwa na saa. Alipima muda kwa Salamu Maria, akitumbukiza mwanzoni na kutoa akifika "umebarikiwa." Yeye mwenyewe alikuwa Mprotestanti. Nilimwuliza kwa nini hatumii sala za kwao. Akasema sala za kwao hazina urefu unaojulikana, mtu anaweza kuanza na asubuhi ikaisha. Hivyo mimi, Mwislamu, binti wa ukoo ambao babu zake walifika huku na misafara ya pwani, niliijua nusu ya kwanza ya Salamu Maria kwa moyo bila kuwahi kuisikia nusu ya pili.

Alikuwa na masharti. Sarafu hushikwa pembeni, kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemshika nyuki. Sarafu haisuguliwi kamwe. "Kusugua ni kuitukana," alisema, na akisema hivyo mikono yake ilikuwa ikiisugua kola ya shati la mtu kwa hasira ya kumwua nyoka. Alichukia doa kuliko mtu yeyote niliyemjua, lakini koti lake mwenyewe lilikuwa na shingo ya rangi ya chai. Nilipomwambia alivue nilifue mimi, aliniangalia kama nimemvunjia heshima. "Mama Zubeda, wewe unaweza kujikata nywele?"

Dukani alikuwa mateso. Akipewa chenji, alisimama palepale akaikagua, na kama kulikuwa na faranga tano iliyochafuka, alitoa kipande cha limau mfukoni na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, akaanza kazi juu ya meza ya muuzaji huku foleni ikimngoja. Kisha, baada ya kuing'arisha, hakuweza tena kuitumia. Aliona vibaya. Alikuwa na kopo zima la sarafu ambazo angeweza kula nazo wiki nzima, lakini zilikuwa safi mno kutumiwa, na kuna jioni alikuja kuniomba mihogo.

Sasa, kuhusu rumande. Perefe ilikuwa chupa moja, na kila dawa ya namna hiyo hufika mahali ikachoka. Jumamosi moja, akiwa baa, alimlalamikia mwenzake kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Perefe amekwisha. Hana nguvu tena. Kesho nammwaga chooni, nimwombe padri aniletee mwingine." Kulipopambazuka walikuwa mlangoni kwake wanajeshi wawili. Baada ya siku mbili nikaambiwa niende kama shahidi, na nije na hao wenzake aliowataja, Konseye na Burugumesitiri. Nikazibeba chupa zote tatu kwenye kikapu, nimezifunika kwa kanga.

Ofisa alikuwa mtu mzito, mwenye mkanda wa kijeshi uliofifia. Alizungumza Kiswahili cha askari.

"Wewe mama iko unajua hii mambo ya kumwaga Perefe?"

"Ninajua, Afande. Nimekuja naye."

Akanyanyuka nusu. "Iko wapi?"

Nikaitoa chupa na kuiweka mezani. Akaitazama. Akamtazama Dobi, aliyekaa kwenye benchi bila viatu, nywele zimejaa vumbi, akiitazama chupa kwa wasiwasi kwa sababu nilikuwa nimeiweka juani.

"Na huyu?"

"Huyo ni Konseye. Na yule wa kizibo chekundu ni Burugumesitiri. Usimguse, Afande, atakutoboa suruali."

Ulipita muda ambao sitausahau. Katika muda ule mtu angeweza kupotea kabisa, na watu walikuwa wakipotea kwa mambo madogo kuliko hayo. Halafu Dobi akasema, kwa sauti ya fundi anayeona kazi iliyoharibika mbele yake, "Afande, mkanda wako huo, ile kichwa ya shaba. Nani alikusafishia? Amesugua."

Ofisa akajiangalia tumboni. "Ni mke yangu."

"Amekosea. Nipe."

Sijui ni pepo gani aliyemwingia yule mtu, lakini akaufungua mkanda. Dobi akaomba kikombe, maji, akachukua matone ya Burugumesitiri, akatumbukiza ile bizimu ya mkanda na kuanza Salamu Maria kwa kunong'ona, huku ofisa ameshika suruali yake kwa mkono mmoja ili isianguke. Karani akaacha kuandika. Ilipotoka iling'aa hadi ikapiga mwanga darini. Ofisa aliizungusha, akaivaa, akaita mwenzake wa chumba cha pili aje aone. Dobi akaachiwa saa hiyohiyo. Sharti lilikuwa abadilishe majina ya chupa. Akakubali, na tulipofika nje tu ya lango akaniambia, "Mama Zubeda, mshike Perefe vizuri, anamwagika."

Tangu wakati huo kila mwezi askari mmoja alileta mikanda, na Dobi hakutoza. Lakini usiku, kupitia ukutani, nilimsikia akitembea ovyo chumbani. Alikuwa ameogopa. Hakupenda kuzungumza habari hiyo, na mtu akicheka mbele yake kuhusu siku mbili zile, alijifanya anatafuta mkaa.

Kati ya wateja wake alikuwepo mmoja tuliyemwita Mzungu wa Chai, kwa kuwa alifanya kazi kwenye mradi wa chai. Kiswahili alikijifunza Bukavu. Mwaka 1993 alileta sarafu ya rupia mbili ya Mjerumani, ya fedha, upande mmoja simba na mnazi, upande mwingine mfalme aliyevaa kofia yenye tai juu. Ilikuwa ya baba wa babu yake. Ilikuwa nyeusi ya kupendeza, yenye wekundu na buluu kwenye kingo, na doa moja dogo la kijani karibu na mkia wa simba.

"Toa hii ya kijani tu," alisema. "Ingine yote acha. Unasikia, Monsieur Dobi? Acha."

Dobi alisikia. Lakini lile doa lilimshinda Konseye. Kwa Burugumesitiri hakuthubutu, kwa kuwa hakuwa dawa ya fedha. Akaamua ampelekee Perefe mpya, chupa ya pili aliyoletewa na padri, kwa muda wa nusu ya nusu ya sala. Alikuwa ameshaitumbukiza, amefika "umejaa neema," pale mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa aliposimama mlangoni kumsalimia. Salamu za kwetu mnazijua. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za vita, za mvua. Dobi hakuweza kumkatiza mzee. Mzee alipoondoka, hakuweza pia kuitoa sarafu kabla ya kufika mahali pake kwenye sala, na sala, aliniambia baadaye, haianziwi katikati. Akaianza upya kutoka mwanzo. Rupia ilikuwa ndani ya Perefe muda wote huo.

Nilisikia kimya kupitia ukutani, nikaenda. Alikuwa amesimama na sarafu kwenye ncha za vidole, nyeupe kama jino la bandia.

Mzungu wa Chai alipoiona hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua miwani, akafuta macho kwa kanzu ya mtu iliyokuwa inasubiri pasi.

"Ile nyeusi ilikuwa miaka mia moja," alisema. "Ilikuwa mikono ya watu yangu. Wewe umeosha watu yangu." Akaiweka sarafu mezani. "Mimi sichukui hii. Nirudishie nyeusi yangu." Akaondoka.

Alikuwa na maana ya kwamba jambo hilo haliwezekani. Dobi aliisikia kama oda.

Wiki ya kwanza alijaribu mayai. Alichemsha yai, akaliponda, akalifungia ndani ya kopo pamoja na rupia. Ikatoka zambarau kama shingo ya njiwa. Akaiosha huku akilaani. Akaifukia kwenye banda la kuku la jirani; kuku mmoja akaifukua. Akaifukiza moshi. Kila mara alirudi ukutani kwangu na kunisomea matokeo, kwa sauti ya mgonjwa. Hakula vizuri. Wateja wa nguo walianza kulalamika kwamba mashati yananuka yai.

Halafu asubuhi moja akaingia kwangu. "Mama Zubeda, amesema mikono ya watu. Si moshi. Mikono."

"Basi ishike."

"Mikono yangu ina sabuni masaa yote. Nikiigusa inanawa. Nahitaji watu wanaotoa jasho."

Ndivyo mtaa wetu ulivyoanza kuivaa rupia ya Mzungu wa Chai. Dobi aliandika orodha kwa mkaa ukutani. Wiki ya kwanza bucha, muuza nyama wetu, kwa sababu jasho lake lina mafuta. Wiki ya pili muuza mkaa. Ya tatu mwalimu wa madrasa, mtu wa udhu mara tano kwa siku, ambaye Dobi alimtia orodhani kwa heshima tu na kumwomba aiweke mfuko wa mbali na maji. Ya nne mimi. Nilishona kifuko kidogo cha kaniki nikakitundika ndani ya blauzi. Mume wangu aliuliza ni hirizi ya nini. Nikamwambia ni mfalme wa Wajerumani. Akageukia ukutani akalala.

Kila Jumamosi tulikusanyika kwa Dobi kuikagua. Hakuigusa. Alituinamia mikononi kama daktari, akainusa. "Bado. Lakini mfalme ameanza kupata ndevu." Watu waligombania sifa. Bucha alidai weusi wa upande wa simba ni wake peke yake.

Kulikuwa na tatizo moja. Bucha na muuza mkaa hawakuwa wakisalimiana. Walikuwa vyama tofauti, na walishavunjana meno kwa ajili ya kofia ya chama. Wakati ule mtaani kulikuwa na wengi wa namna hiyo, mtu anavuka barabara ili asikutane na aliyekula naye Idi au Noeli. Bucha alimwambia Dobi, "Nikimaliza nitakupa wewe, umpe yule."

"Ikipita kwangu itanawa," Dobi akasema. "Umpe mwenyewe."

Bucha alienda dukani kwa muuza mkaa na kuitupa rupia juu ya gunia bila neno. Mzunguko wa pili ulipofika aliiweka kiganjani mwa mwenzake. Mzunguko wa tatu, mimi nikiwa nanunua mkaa, nilimsikia akiuliza, "Kwako ililala vizuri?" Mwingine akajibu, "Ililala. Ila nilitokwa na jasho jingi, nilikuwa na homa." Na bucha akasema, "Pole. Lakini kwa rupia ni heri."

Sitaki kuipamba habari hii. Mambo yaliyokuja yalikuja, na rupia haikumzuia mtu. Nasema tu kwamba niliwaona.

Mzungu wa Chai alirudi kuaga mwishoni mwa mwaka. Mradi ulikuwa unafungwa. Hakuwa amekuja kwa ajili ya sarafu. Nadhani alikuwa ameshaizika. Dobi alimwita bucha, ambaye zamu ilikuwa yake, naye akaitoa mfukoni ikiwa na vumbi la mifupa. Haikuwa nyeusi kama zamani. Ilikuwa ya kijivu cha mawingu, na weusi kidogo kwenye makunyanzi ya mfalme. Mzungu alitoa kioo chake cha kukuzia, akaitazama muda mrefu, upande huu na huu.

"Hii si ya babu yangu," alisema.

Dobi akainamisha kichwa. "Hapana, Monsieur. Hii ni sisi."

Yule mtu alikuwa na vile vibahasha vya plastiki wanavyowekea sarafu zao. Alikitoa kimoja, akakitazama, akakirudisha. Akaitia rupia mfukoni mwa suruali, kavu hivyohivyo, pamoja na funguo. Akatupa mkono sote, akianza na bucha.

Miezi ile ya 1994 sitaieleza hapa. Sisi tulikuwa Biryogo kwa dada yangu, watu ishirini na mmoja katika vyumba viwili, wengine wakiwa wageni ambao hatukukiri kuwa tunao. Mume wangu alitoka siku moja kutafuta maji. Hiyo ni habari yangu, si ya Dobi.

Nilirudi kwenye chumba changu cha kushonea mwisho wa mwaka, kuangalia kama cherehani ipo. Haikuwepo, wala mlango. Lakini upande wa pili wa ukuta kulikuwa na moshi wa pasi. Nikachungulia. Mwanamke mmoja mgeni alikuwa anapiga pasi suruali, mmoja wa wale waliorudi kutoka Uganda baada ya vita, waliokuta nyumba wazi wakaingia. Na Dobi alikuwa nje uani, anaanika. Alikuwa amekonda mno. Aliponiona aliweka shuka chini kwenye ndoo, akanishika mikono yote miwili, nasi tukakaa hivyo bila kusalimiana. Kisha tukatajiana majina ya watu wa mtaa. Nilipotaja bucha alitikisa kichwa. Aliponitajia mume wangu nilitikisa mimi.

"Huyu ndani ni nani?" nikauliza.

"Ni bosi wangu."

"Bosi wako katika nini? Hii ni nyumba yako."

Akanivuta nyuma ya shuka. "Taratibu, Mama Zubeda. Hajui."

"Hujamwambia?"

"Nilikuja kumwambia. Nikamkuta anachoma shati, mkaa mwingi, hajanyunyiza maji. Nikamwonyesha. Akasema, mzee, unatafuta kazi? Nikasema ndiyo." Alisema haya kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Ana watoto watatu. Wanalala chumba cha nyuma. Asubuhi wanapiga kelele sana, unawasikia mpaka barabarani."

"Utamwambia lini?"

"Bado anapiga pasi vibaya. Nikimwambia leo ataona haya, ataondoka, na ataondoka nao." Akachukua shuka, akaikung'uta. "Ngoja kwanza ajifunze kola."

Yule mwanamke akatoka mlangoni, akijifuta jasho kwa mkono, mtoto mmoja amemshika sketi. Alinikaribisha kwa furaha, akidhani ni mteja. Nikasema mimi ni jirani, nilikuwa nashona hapo pembeni. Akafurahi zaidi, akaniletea kiti, kisha akamtazama kwa fahari Dobi, aliyekuwa akienda kwenye kamba na ndoo yake.

"Na huyu mzee, mimi Mungu alinipatia," alisema. "Fikiria, siku ya kwanza tu kuanza kazi, hakuuliza kitu. Maji iko wapi, mkaa iko wapi, kamba iko wapi, alijua yote peke yake."

Nikamwambia ndiyo, wapo watu wanaozaliwa hivyo.